Chipu kwanza, sindano baadaye: kisa cha mbwa wa Nyegezi aliyehamia Ujerumani

Sato ni mbwa dume wa miaka mitatu, mchanganyiko, kilo 18, rangi ya kahawia. Anakula ugali wa dona kwa dagaa na kulala barazani Nyegezi, Mwanza. Mwenye naye ni muuguzi aliyepata ajira Ujerumani, kazi ianze tarehe 1 Julai. Mkataba ulimfikia katikati ya Januari, kwa hiyo alikuwa na miezi mitano na nusu mkononi. Ungemuuliza mtu yeyote, angesema muda umebaki hadi wa kumwaga. Haukutosha, na sababu ya kutotosha ndiyo tunayoichambua hapa. (Watu na tarehe ni za mfano, kanuni ni zenyewe.)

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kuhusu kichaa cha mbwa. Mbwa au paka anayetoka kwetu hatakiwi kuwa na chanjo tu. Anatakiwa kuonyesha kwa damu kwamba chanjo ilimkaa mwilini. Hilo peke yake linaongeza miezi. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: anawekwa chipu (kifaa kidogo chenye namba kinachoingizwa chini ya ngozi), anachanjwa akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi, zinapita siku 30 zisizopungua, anatolewa damu, kisha inahesabiwa miezi 3 kamili kuanzia siku damu ilipotolewa. Jibu la maabara halianzishi hesabu, hata likichelewa wiki tatu. Mwishoni kabisa, ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya, kinaandikwa cheti cha afya.

Ukijumlisha bila kosa lolote unapata miezi minne na siku kadhaa. Yaani Januari hadi Julai ingetosha, kama hakuna kitu kingeharibika. Viliharibika viwili.

Kadi yenye mhuri, isiyo na mbwa

Sato alikuwa amechanjwa tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwenye kampeni ya mtaani ambako chanjo hutolewa bure. Kadi ipo, sahihi ipo, mhuri upo. Kwa hiyo Januari 20 daktari binafsi alimwekea chipu, na Januari 22 akamtoa damu, akisema siku 30 tangu Septemba zimeshapita zamani. Kwa hesabu hiyo miezi mitatu ingeisha Aprili 22, na mwenye mbwa angebaki na wiki kumi za kupiga picha Kapripointi na kuaga ndugu.

Kosa lilionekana Februari 2, kifurushi cha damu kikiwa bado kinasubiri kibali cha kuingia nchi ya maabara. Daktari wa mifugo wa serikali aliikagua kadi akairudisha mezani.

"Lakini dokta, kadi ina mhuri."

"Ina mhuri, dada, ila haina mbwa."

Ndivyo ilivyo. Kadi iliandika "dume, kahawia", na mbwa dume wa kahawia wamejaa kuanzia Buhongwa hadi Pasiansi. Kwa kanuni za Ulaya, sindano iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechomwa ndiye huyu aliyesimama mbele ya skana. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, chipu ikitangulia; siku moja nyuma haikubaliki. Damu ya Januari 22 ingepelekwa, maabara ingeipima na kutoa jibu zuri tu, maana maabara haikagui kadi. Kosa lingejitokeza wakati wa kuandika cheti, au baya zaidi, kaunta ya Frankfurt. Huko mnyama asiyetimiza masharti hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na pale yote mawili yasipowezekana sheria inaruhusu auawe.

Tusiilaumu kampeni. Kazi yake ni kuzuia watu wasife kwa kung'atwa, na inaifanya. Haikubuniwa kwa ajili ya mbwa wa pasipoti.

Chipu yenyewe nayo iangaliwe. Inayokubalika ni ya tarakimu 15, inayosomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2, yaani ya viwango vya ISO 11784 na 11785. Zile za tarakimu 9 au 10 zinauzwa bado. Ukiwekewa hiyo, ubebe skana yako mwenyewe, jambo ambalo hatulishauri mtu. Daktari aisome chipu ikiwa bado kwenye sindano, aisome tena ikishaingia chini ya ngozi kati ya mabega, na aisome kila siku mbwa anapochanjwa au kutolewa damu. Chipu hutembea. Ikisogea hadi begani au karibu na kiwiko, mkaguzi mwenye haraka ataipitisha skana mgongoni na kusema mbwa hana chipu. Ukijua ilipo, unamwelekeza.

Jibu la 0.28

Februari 3 Sato alichanjwa upya, namba ya chipu ikaandikwa kwenye kadi pamoja na namba ya toleo la chanjo. Machi 9, siku 34 baadaye, akatolewa damu. Machi 27 jibu likaja: yuniti 0.28 kwa mililita. Kinachotakiwa ni 0.5 au zaidi. Amefeli.

Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa maabara. Hapa maabara haikuwa na kosa. Damu iliyoharibika njiani, ile iliyopasuka chembe na kugeuka nyekundu kama maji ya rosela, kwa kawaida hurudishwa na maneno kwamba haipimiki, hailetewi namba. Hii ilipata namba, tena ndogo.

Kinachoshangaza ni kwamba mbwa huyu alikuwa na sindano mbili, ya Septemba na ya Februari. Mbwa aliyechanjwa mara moja tu ndiye hufeli mara kwa mara: kingamwili hupanda wiki chache baada ya sindano ya kwanza kisha hushuka, na ukichelewa kutoa damu unaikuta ikiwa mteremkoni. Lakini sindano ya pili hupandisha juu sana. Septemba ikiwa nzuri, Februari ingetoa namba kubwa. Kwa hiyo ama chanjo ya Februari ilikuwa imekufa, ama mwili wa mbwa ulikuwa na shughuli nyingine.

Vyote viwili vilikuwa na dalili. Tukianza na chanjo: friji ya kliniki haikuwa na kipimajoto, na vichupa vilipangwa vikigusa kuta za sehemu ya barafu. Watu wengi Mwanza huhofia umeme kukatika na chanjo kupata joto. Hofu hiyo ina msingi, maana maelekezo ni nyuzi 2 hadi 8, lakini kwa chanjo ya kichaa cha mbwa adui mkubwa yuko upande wa pili. Hii ni chanjo ya virusi waliouawa, mara nyingi imechanganywa na chumvi ya aluminiamu, na inavumilia joto kuliko tunavyoaminishwa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania ulionyesha aina moja ya chanjo hiyo iliyokaa nyuzi 30 kwa miezi 3 bado ilikinga mbwa sawa na iliyokaa kwenye friji. Ikiganda mara moja tu, ile chumvi hujikusanya kuwa mabonge na nguvu ya chanjo huanguka. Kwa macho haionekani sana. Ukitikisa kichupa na baada ya dakika chache unaona mashapo mazito yametulia chini haraka, kitilie shaka.

Upande wa mbwa, alikuwa na kupe masikioni na kati ya vidole. Damu yake chini ya hadubini ilionyesha ehrlichia, homa ya kupe wa kahawia. Ugonjwa huu hautakiwi kupimwa kisheria kwa safari ya Ujerumani, ila mbwa anayepambana nao huitikia chanjo kivivu. Alitibiwa kwa doksisaikilini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28, ikiambatana na chakula kwa sababu hutapisha. Akapewa dawa ya minyoo na ya kupe. Kupe huyu wa kahawia ana tabia ya kuishi na kuzaliana ndani ya nyumba, kwenye nyufa na nyuma ya mbao za ukutani, hivyo kumpeleka kwenye nyumba ya kupanga yenye joto la hita ni kumletea mwenye nyumba wako zawadi ambayo hatakusamehe.

Lipi kati ya mawili lilimfelisha? Tukilazimika kuchagua, tunaielekea friji. Dawa ya homa ya kupe ilianza baada ya jibu la kwanza na bado ilikuwa inaendelea alipochanjwa tena, lakini namba ya pili ilipanda mara tisa.

Chanjo hiyo ilichomwa Machi 28, kutoka friji yenye kipimajoto, mililita 1 chini ya ngozi. Damu ikatolewa Aprili 28, siku ya 31. Jibu: 2.6.

Jinsi damu hiyo ilivyoshughulikiwa ndivyo tungependa kila moja ishughulikiwe. Mbwa hakula kwa muda wa saa nane kabla, maana damu yenye mafuta ya chakula huvuruga kipimo. Zilichukuliwa mililita 5 kwenye kichupa chenye kizibo chekundu, kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, kwa sindano isiyo nyembamba mno na bila kuvuta kwa pupa. Kikasimamishwa kivulini saa moja na nusu hadi damu ikaganda, kikazungushwa kwenye mashine dakika 10, na yale maji ya manjano (seramu) yakanyonywa na kuhamishiwa kichupa cha plastiki chenye kizibo cha kuzungusha. Zilipatikana mililita mbili. Moja ikatumwa, moja ikabaki kwenye jokofu nyuzi 20 chini ya sifuri kwa ajili ya ajali. Kukaa na akiba ni jambo dogo linaloweza kuokoa miezi mitatu: kifurushi kikipotea au kichupa kikivuja, unatuma ile nusu nyingine na tarehe ya kutoa damu inabaki ile ile.

Kwenye kichupa iliandikwa namba yote ya chipu na tarehe, kwa kalamu isiyofutika. Ufungaji ni wa tabaka tatu: kichupa, kisha mfuko usiovuja wenye pamba ya kutosha kunyonya kila tone, kisha boksi gumu lenye alama ya UN 3373 ya sampuli za kibaolojia, na barafu ya pakiti kati. Maabara lazima iwe kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Iliyo jirani zaidi nasi kwa maana ya bara ni Onderstepoort, karibu na Pretoria. Nyingine nyingi ziko Ulaya. Fomu na kibali cha kuingiza damu viombwe kabla ya kumshika mbwa, la sivyo seramu itasubiri makaratasi kama ilivyosubiri ile ya Januari.

Siku tano za mwenye mbwa

Miezi mitatu tangu Aprili 28 inaisha Julai 28. Kazi inaanza Julai 1. Hapa watu wengi husema, "Mimi nitangulie, mdogo wangu atanitumia mbwa baadaye." Inawezekana, lakini si kwa masharti yale yale. Safari ya mnyama wa nyumbani huhesabiwa kuwa ya mwenyewe pale tu mnyama na mwenyewe, au mtu aliyemkabidhi kwa maandishi, wanaposafiri pamoja, na tofauti kati ya safari ya mwenyewe na ya mnyama haizidi siku 5. Ikizidi, mbwa huingia kwa kanuni za biashara: cheti kingine, ukaguzi kwenye kituo cha mpakani cha mifugo, na taarifa za awali kwenye mfumo wa kompyuta wa Ulaya. Gharama hupanda na wakala huwa hawaepukiki.

Njia tatu zilikuwa mezani. Kwenda na kurudi kumfuata: nauli mbili na likizo ambayo mwajiriwa mpya hana. Kumtuma kibiashara. Au kuomba mwajiri asogeze tarehe. Muuguzi aliandika barua akaambatanisha majibu yote mawili ya maabara, na mwajiri akakubali Agosti 1. Watu huona aibu kumweleza mwajiri habari za mbwa. Ujerumani si jambo la aibu.

Keji, na mbao ya fundi

Sato alipimwa akiwa amesimama: pua hadi shina la mkia sentimita 65, ardhi hadi kiwiko 28, upana wa mabega 18, ardhi hadi ncha ya sikio 58. Kanuni ya mashirika ya ndege inasema urefu wa keji ni kipimo cha kwanza na nusu ya cha pili, yaani 65 na 14, sawa na 79. Upana ni mara mbili ya mabega, 36. Kimo ni 58 na unene wa tandiko, tuseme 61. Mtego ni kwamba vipimo hivi ni vya ndani, na vinavyoandikwa kwenye maboksi ya duka ni vya nje. Keji ya 81 kwa 57 kwa 61 inaonekana imemtosha kabisa. Ndani yake atainama kichwa, na kaunta ya mizigo itamkataa. Alihitaji inayofuata, ya 91 kwa 64 kwa 69.

Ukubwa huo haukupatikana mjini, na fundi seremala wa Nyakato alikuwa tayari kutengeneza. Kazi yake ilikuwa safi, ila alikuwa ameanza kupiga fremu ya mbao ngumu. Mbao asilia ya kufungashia mzigo unaoingia Ulaya lazima iwe imetibiwa kwa joto na kupigwa chapa ya kimataifa ya ISPM 15. Plaiwudi haihusiki na sharti hilo. Fremu ikabomolewa, ikafanywa ya vipande vya plaiwudi nene vilivyounganishwa kwa skrubu na boliti, wavu wa chuma kwenye mlango, matundu ya hewa pande zote nne, na bakuli mbili zilizofungwa kwa ndani ya mlango ili mtu wa uwanjani ajaze maji bila kufungua. Hakuna magurudumu. Juu na pembeni maandishi ya kuonyesha mna mnyama hai, na mishale ya upande wa juu.

Keji iliwekwa barazani wiki saba kabla, mlango wazi, tandiko lile lile analolalia. Wiki ya kwanza alilishwa mlangoni, ya tatu akalishwa ndani, ya tano mlango ukafungwa nusu saa, mwishoni saa nne. Dagaa na ugali vilipunguzwa kidogo kidogo kwa siku kumi huku chakula kikavu kikiongezwa, maana kinyesi chepesi ndani ya keji kwa saa kumi na tano ni adha kwa kila mtu. Dawa ya usingizi hakupewa, na daktari akikushauri umpe, tafuta mwingine: hushusha shinikizo la damu na kumnyima mbwa uwezo wa kurekebisha joto lake akiwa mahali pasipo na mtu wa kumwona. Mashirika mengi humkataa mbwa aliyeleweshwa.

Barabara na cheti

Ndege za Mwanza hazikumfaa. Keji ile ni kubwa kwa baadhi ya ndege za panga boi, na nafasi haithibitishwi hadi dakika za mwisho. Iliamuliwa kwenda kwa gari hadi uwanja wa Kilimanjaro. Dereva alipendekeza njia ya mkato, Lamadi, geti la Ndabaka, Serengeti na Ngorongoro. Haiwezekani: mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa hata akiwa ndani ya gari. Walizunguka Shinyanga, Singida, Babati, Arusha, zaidi ya kilomita 700, wakalala Singida, mkononi wakiwa na kibali cha kusafirisha mnyama ndani ya nchi. Kupitia Sirari hadi Nairobi kulikataliwa mapema, kwa kuwa kungeongeza vibali vya nchi nyingine.

Cheti kiliandikwa Julai 28, miezi mitatu ilipotimia, maana hakiandikwi kabla ya hapo. Siku zake 10 zilitosha hata safari ikisogea. Fomu ni ya Umoja wa Ulaya, kwa Kiingereza na lugha ya nchi anayoingilia kwanza, si anakoishia. Ndege ilipitia Addis Ababa moja kwa moja hadi Frankfurt, kwa hiyo Kijerumani. Ingepitia Amsterdam, ingekuwa Kiholanzi. Sahihi na mhuri viwe vya rangi tofauti na chapa ya fomu. Nakala ya jibu la maabara iliyothibitishwa na tamko la mwenye mbwa vinaambatanishwa.

Mstari mmoja wa cheti ulirekebishwa. Kadi ya zamani ilikuwa na neno "pitbull" mbele ya "mchanganyiko", kwa kuwa kuna aliyeona kifua cha Sato akataka kumsifia. Ujerumani inakataza kuingiza pitbull, American Staffordshire, Staffordshire bull terrier, bull terrier na machotara wao. Sato hana hata tone la damu hiyo. Kiliandikwa "mchanganyiko", basi. (Anayeenda Finland, Ireland, Malta au Norway aongeze dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, Ujerumani haidai.)

Julai 29 alipewa mlo wa mwisho saa tano kabla ya kuondoka. Bakuli la maji liligandishwa usiku uliotangulia, yayeyuke polepole badala ya kumwagika kwenye kupakia. Frankfurt, mwenye mbwa alipita njia nyekundu ya forodha na kujitangaza. Skana ilipita mgongoni, kimya. Akaonyesha bega la kushoto, ikalia. Namba kumi na tano zikalinganishwa na cheti, zikafanana.

Kilichobaki ni daktari wa huko kumpa Sato pasipoti ya wanyama ya Ulaya na kusoma tarehe moja. Chanjo ya Machi 28 imeandikwa ya mwaka mmoja. Akichanjwa tena kabla haijaisha, lile jibu la 2.6 halizeeki, na siku mwenye naye atakapotaka kumleta likizo Nyegezi na kurudi naye, hatatolewa damu tena. Akichelewa hata siku moja, kipimo kinakufa na hesabu inaanza upya: sindano, siku 30, damu, miezi mitatu.